Mkia mwekundu juu ya nguzo: ni mwewe?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nalima viazi hapa Matamba, Makete. Kuna ndege mkubwa mwenye mkia mwekundu anashinda juu ya nguzo za uzio wa shamba langu. Jirani anasema ni mwewe, ndiye anayetumalizia vifaranga, na ameshanunua sumu ya kupaka kwenye nyama. Ni mwewe kweli, au ni tai?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwanza mwombe jirani aiweke hiyo sumu kando.

Mwewe ni wa kahawia, mkia umepasuka katikati kama wa samaki, na hatulii: anazunguka juu ya nyumba, anashuka, ananyakua bila hata kutua. Huyo wako, kama ni mkubwa, mgongo mweusi, kifua cheupe na mkia rangi ya tofali, ni shakevale, kwa jina la kisayansi Buteo augur. Wapo pia weusi mpaka tumboni, na wachanga wana mkia wa kahawia, ndiyo maana watu hubishana.

Kwa ukoo, shakevale, mwewe na tai wote ni familia moja, Accipitridae. Kozi, ndege mwingine mwindaji, ndiye aliyetuchanganya miaka yote: uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2008 ulimweka karibu na kasuku kuliko tai. Nilipousoma niliurudia mara mbili.

Shakevale ni ndege wa miinuko, kuanzia Ethiopia hadi Zimbabwe. Kitulo na Uporoto ni kwao hasa: uwanda wazi wa kuwindia, miamba na miti ya kujengea kiota. Shamba la viazi analipendea panya na fuko. Kifaranga aliyezubaa naye hamwachi, nisikudanganye, lakini hicho si chakula chake cha kila siku.

Duniani hajawekwa kwenye orodha ya walio hatarini, ila hutaga kama mayai mawili tu, kwa hiyo ukiua wakubwa pengo halizibiki haraka. Nyama ya sumu nayo haichagui. Itaua mbwa wa jirani mwenyewe, itaua kunguru. Tumbusi mgongo-mweupe wamefika ukingoni mwa kutoweka kwa sababu hiyo zaidi. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuua bila kibali.

Vifaranga vifunikeni kwa tenga au wavu mpaka vikue kidogo.

Jirani akibisha, mpeleke chini ya nguzo. Atakuta vidonge vya manyoya ambavyo ndege hutapika. Avunje kimoja; mimi niliwahi kukuta ndani yake meno mawili marefu ya fuko.