Chambo za Naivasha kwenye maji ya chumvi

Ndugu, umeuliza kama sanduku lako la chambo bandia za kuvulia samaki aitwaye besi wa Ziwa Naivasha litafaa ukishuka Kilifi kuvua pembezoni mwa mikoko. Litafaa, ila si lote.

Samaki wa plastiki wale wembamba beba. Vile vya mpira vyenye mkia unaopiga maji beba kwa wingi, hasa vyeupe, kolekole, samaki wa baharini, anavipenda. Minyoo mirefu ya mpira iache nyumbani. Mimi niliiburuta polepole juu ya mchanga kama nilivyozoea ziwani, bunju, wale samaki wanaojivimbisha, wakaniibia mikia mitano mfululizo, nami nadhani nimepata samaki!

Shida kubwa ni ndoana. Za besi ni nyembamba: kolekole wa kilo tatu tu anazinyoosha, na kutu inaingia upesi. Badilisha ndoana pamoja na vile vipete vyake, yaani pete ndogo zinazoshika ndoana kwenye chambo, uweke vinene vya maji chumvi. Ukiona mzia (barakuda) wanazunguka, funga kipande kifupi cha waya mbele ya chambo, la sivyo meno yao yatakata mshipi.

Halafu vuta haraka. Besi husubiri ashawishiwe, kolekole hufukuza. Tupa maji yanapoanza kupwa, pale vijito vinapotoka kwenye mikoko, maana dagaa na kamba hutolewa na mkondo.

Jioni osha kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi, rili (gurudumu la kukunjia mshipi) pia. Na chambo kilicholowa usikirudishe sandukuni na vingine; kimoja kinatosha kuambukiza kutu sanduku zima.