Maili 100 na usiku kucha barabarani: niliyoyapata kati ya Marangu na Mkuu

Ndugu, umesema umejiandikisha mbio za maili 100 (kilomita 161), kilomita 50 za mchana unazimaliza bila shida, na sasa umebaki njia panda: mmoja anakwambia lazima ukimbie usiku kucha walau mara moja kabla ya siku yenyewe, mwingine anasema huko ni kujitafutia majeraha. Mimi niko na yule wa kwanza. Mara moja tu, lakini usiiruke.

Mimi ni mtu wa Marangu, kazi yangu ni kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Usiku wa kwenda kileleni tunaondoka kambi ya Kibo, mita 4,720, karibu na saa 6 usiku, na tunafika Gilman's, ukingoni mwa kreta, jua likikaribia kuchomoza. Nimeifanya safari hiyo mara nyingi hata nikaamini usiku hauna jipya la kunionyesha. Kwa hiyo mbio zangu za kwanza za maili 100 nilijiandaa mchana peke yake. Nikajitoa kilomita ya 118, saa 9 usiku, miguu ikiwa mizima kabisa. Tumbo lilikuwa limekataa kila kitu tangu saa 5, nguvu zikaisha, mwili ukapoa, na nilipokaa kwenye kiti sikuinuka tena. Niliumia sana moyoni, maana nilijua siyo miguu iliyonishinda. Mlimani tunakwenda pole pole, tumevaa mazito, na tumeshapata usingizi kidogo jioni. Kwenye mbio usiku unakukuta umeshakimbia mchana kutwa na fulana imelowa jasho.

Angalia ratiba ya mbio zako. Western States, mbio za maili 100 za California, huanza saa 11 alfajiri na kikomo chake ni saa 30, yaani mtu wa mwisho anafika saa 5 asubuhi ya siku ya pili. UTMB, mbio za kuuzunguka mlima Mont Blanc kutoka Chamonix, Ufaransa, huanza jioni, na wakimbiaji wengi wa kasi ya kawaida hukesha mara mbili. Huo siyo muda wa kwenda kuujaribu kwa mara ya kwanza siku ya mashindano.

Mwaka uliofuata, wiki tano kabla ya mbio, nilichagua Ijumaa ya mwezi mpevu. Nilishinda kazini siku nzima na sikulala mchana, kwa makusudi. Saa 2 usiku nikaondoka Marangu Mtoni kwa lami ya Rombo, nikapita Mwika hadi Mkuu, nikageuza, na mwisho nikapanda hadi getini kwa hifadhi. Barabara ya Moshi hadi Himo niliikwepa kwa sababu ya malori. Mdogo wangu alikuwa nyuma na pikipiki, amebeba chakula na nguo.

Kabla ya yote, usalama. Mtu anayekimbia saa 8 usiku kijijini, watu hawamwoni mwanamichezo, wanamwona mwizi. Siku mbili kabla nilimpa taarifa mwenyekiti wa kijiji, naye akawaambia walinzi wa zamu, nikaomba na wa vijiji vya mbele waambiwe. Vaa vesti ya reflekta na ukimbie upande wa kulia, magari yakija uyaone. Usiende peke yako. Kama wewe ni dada, au kwenu hakuna njia unayoiamini, zunguka uwanja au eneo lenye mlinzi. Inachosha akili, lakini mwili hautajua tofauti.

Sasa chakula, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi ya kote. Hadi saa 5 usiku mambo yalikuwa mazuri: kila nusu saa nakula kiazi cha kuchemsha chenye chumvi, au ndizi mbivu, au kipande cha kashata, nikilenga gramu 60 hivi za wanga kwa saa. Ilipofika saa 7, kashata ilinigeuza moyo. Harufu yake tu. Ukikimbia muda mrefu, damu nyingi inakwenda kwenye miguu na kwenye ngozi, tumbo linaachiwa kidogo, na usiku lenyewe limeshazoea kupumzika. Mwaka wa nyuma nilikuwa nikijilazimisha vitu vitamu hadi natapika. Safari hii mdogo wangu alifungua chupa ya chai, ndani kuna mtori, supu ya ndizi, aliopika mama, mwepesi, unanyweka. Nikatembea dakika kumi nikinywa funda moja moja. Ukakaa. Nusu saa baadaye nilikuwa nakimbia tena, na tangu usiku ule sijaingia mbio ndefu bila kitu cha moto chenye chumvi kwa ajili ya saa 7 na kuendelea. Kwenu inaweza kuwa supu au uji. Kijue kabla, maana hakuna wa kukuambia isipokuwa tumbo lako.

Maji kunywa kwa kiu. Maji matupu mengi hushusha chumvi ya damu, na hali hiyo inaua. Na tafadhali sana, usimeze diklofenaki wala dawa za maumivu za jamii yake ili uendelee. Figo zinakuwa tayari zimeelemewa.

Baridi ilinikamata Mkuu. Nilisimama kubadilisha betri za taa, zilikuwa chini kabisa ya begi, na zile dakika chache zilitosha meno kugongana. Badilisha fulana iwe kavu kabla hujaanza kutetemeka, na betri ziwe mfuko wa nje. Taa nayo ina jambo lake: ya kichwani inafuta vivuli, shimo na jiwe vyote unaviona bapa. Ongeza tochi ndogo kiunoni, vivuli vinarudi.

Saa 10, nikikaribia Mwika kwa mara ya pili, nilianza kuyumba barabarani. Nikaona mtu amekaa chini, nikamsalimia. Lilikuwa shina la mgomba. Ni muda ambao joto la mwili liko chini kuliko wakati wote na usingizi una nguvu zake zote. Kahawa nilikuwa nimeiacha wiki nzima, nikaitunza kwa ajili ya saa hiyo. Nikanywa kikombe kimoja, nikajilaza kwenye benchi la duka lililofungwa, mdogo wangu akashika saa. Dakika 15. Kahawa huchukua nusu saa hivi kufanya kazi vizuri, kwa hiyo unaamka yenyewe ikianza kuingia. Kwenye mbio zile nyingine nilipokaa nilidhani usingizi ule ndio mwisho wangu. Kumbe ulihitaji robo saa.

Nikaanza mlima wa kwenda getini bado giza. Kengele ya kanisa ikalia, wakaanza kuteremka akina mama na mikungu ya ndizi kichwani, wakanipa pole. Kulipopambazuka miguu ilirudi, hata sikuelewa imetoka wapi. Baadaye, kwenye mbio zenyewe, saa 9 usiku kila kitu kiliponikataa, nilikumbuka mlima ule, nikaendelea kutembea nikisubiri mwanga. Nilimaliza kwa saa 27.

Huhitaji umbali mkubwa. Kwangu ulizidi kidogo kilomita 60, na sehemu kubwa ya milima nilitembea. Baada ya hapo usiendeshe chombo chochote kurudi nyumbani, na pumzika kweli: wiki nzima mimi nilifanya matembezi tu, ndipo nikarudi kukimbia taratibu.

Ukishapata tarehe, andika hapa hapa njia uliyoichagua na nani atakaa na pikipiki. Wenyeji wa huko watakwambia pa kuangalia mbwa.