Kabla ya kusema kometi itarudi lini

Ukimwonyesha mtu wa Nairobi picha ya kometi, hakawii kuuliza itarudi lini. Kwa kometi za mzunguko mrefu, yaani zaidi ya miaka 200, nakushauri swali hilo uliweke mwisho kabisa.

Umbo la mzingo, yaani njia ya kometi kulizunguka Jua, huonyeshwa na namba inayoandikwa e. Ikiwa chini ya 1, kometi itarudi. Ikiwa 1 kamili, njia yake ni parabola, mkunjo usiojifunga, na haitarudi. Sasa chukua kometi inayolikaribia Jua hadi umbali ulio sawa na wa Dunia. e ikiwa 0.999, mzunguko mmoja ni kama miaka 31,600. Ikiwa 0.9999, ni miaka milioni moja! Na karibu na Jua, pale tunapoiona, njia hizo mbili karibu zinalaliana. Picha za wiki moja haziwezi kuzitenganisha.

Kwa hiyo mimi huanza na parabola. Naifunga e kwenye 1, kisha naiachia programu (natumia Find_Orb, ni ya bure) itafute namba tano zilizobaki: siku ya kulikaribia Jua zaidi, umbali wa siku hiyo, na pembe tatu za jinsi mzingo ulivyolala angani. Mwanaastronomia Mjerumani Wilhelm Olbers alieleza njia ya namna hii mwaka 1797. Vipimo vya mahali kometi ilipo angani, vya usiku tatu tofauti, vinatosha kuanzia.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni saa. Vipimo huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Picha ya saa kumi na moja na robo alfajiri ya Septemba 30 huandikwa Septemba 30.09375, lakini ile ya saa nane usiku wa kuamkia siku hiyo bado ni ya tarehe 29. Kometi ikisogea sekunde 6 za pembe (sekunde ya pembe ni 1/3600 ya digrii) kwa dakika, kompyuta ambayo saa yake imepotea sekunde 10 inakihamisha kipimo sekunde 1 ya pembe, na hiyo ni nyingi mno kwa kazi hii. Ukiona vipimo vyote vya usiku mmoja vimesukumwa mbele au nyuma kwenye njia ya kometi, usivifute. Kagua saa kwanza.

Halafu kometi si nukta kama nyota. Ukungu wa kichwa na mkia hukivuta kipimo pembeni, hivyo duara la kupimia liwe dogo, likumbatie kiini tu.

Usimalize nguvu kwa picha arobaini za usiku mmoja. Afadhali tatu nzuri kila wiki kwa miezi miwili, mawingu yakiruhusu, na Julai yetu mnaijua. Kometi C/2023 A3 ililikaribia Jua zaidi tarehe 27 Septemba 2024. Hapa tuliitafuta mashariki alfajiri, kisha Oktoba magharibi jioni. Vipimo vya pande zote mbili za Jua vina thamani kubwa sana.

Kipande cha njia kikirefuka, ndipo ifungue e. Hata hapo, taja ni mzunguko upi unaousema, kwa sababu mvuto wa sayari, hasa Mshtarii, huubadilisha. Kometi NEOWISE ya 2020 ilikuja kwenye mzunguko wa kama miaka 4,400, ikaondoka kwenye mwingine wa zaidi ya miaka 6,000.