Zima hiyo programu ya kubahatisha nywila, soma Method kwanza

Kakangu, izime sasa hivi. Umeuliza utaifunguaje fumbo.zip, faili la ZIP lililofungwa kwa nywila, uipate PDF iliyomo, na unasema tangu juzi mashine inapitia rockyou, ile orodha ya nywila zaidi ya milioni 14 zilizovuja 2009, kwa kuwa umeambiwa "iache tu, itafunguka".

Hayo hayo tuliuziwa sisi kwenye mafunzo ya uchunguzi wa kidijitali hapa Mombasa, tulipokuwa na faili kama hilo kwenye shindano. Ada tumelipa, mwalimu akatuamuru tuziache laptopu zikeshe na orodha ile ile. Chumbani Tudor, joto la kaskazi, feni za mashine zinalia, stima inaliwa, na kulipopambazuka hakuna kilichofunguka. Shindano likaisha hivyo. Jibu lilikuwa wazi ndani ya faili lenyewe! Hasira hazijaniisha: mtu huchukuaje pesa za watoto wa watu kufundisha uchunguzi, na hatua ya kwanza haijui?

Hatua ni hii: endesha amri ya 7-Zip, 7z l -slt fumbo.zip, kisha usome mstari wa Method, unaotaja aina ya usimbaji na kama faili limebanwa. ZIP ya kawaida hata ikifungwa haifichi majina ya mafaili wala ukubwa wake. Ukikuta AES-256, usimbaji imara, nywila itafute kwenye ushahidi mwingine uliopewa. Ukikuta ZipCrypto, usimbaji wa zamani wa ZIP, nywila ya nini? Biham na Kocher waliuvunja usimbaji huo 1994. Ukijua sehemu ya yaliyomo unazipata funguo tatu za ndani, na bkcrack, programu ya kuzitafuta funguo hizo, inataka baiti 12 tu unazozijua, 8 kati yake zikiwa zimefuatana.

Sasa tazama picha uliyobandika ya orodha ya mafaili yaliyomo. Ramani.png imezidi baiti 12 baada ya kufungwa. Hizo 12 ndizo kichwa ambacho ZipCrypto hukiweka mbele ya kila faili. AES-256 ingeongeza 28. Maana yake pia haikubanwa, yaani Store. Na kila PNG huanza na baiti 16 zile zile: 8 za utambulisho, 4 za urefu, 4 za IHDR. Ingekuwa Deflate, njia ya kawaida ya kubana, zisingekufaa, zingeshabadilika kwa kubanwa. Kwako zimekaa pale pale mwanzoni, zaidi ya unazohitaji. Funguo zikitoka, zitafungua kila faili lililofungwa kwa nywila hiyo hiyo, hata ile PDF unayoihangaikia.

Usiongeze orodha nyingine, usikodi mashine kubwa. Endesha hiyo amri, ubandike hapa mstari wa Method.