Kabla Hujakubali Kompyuta Yako Ipigwe Windows Upya

Juzi nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana anayemalizia tasnifu yake. "Shikamoo dada. Kompyuta yangu inaleta skrini ya bluu kila mara, Word haifunguki, na nikibonyeza Start hakuna kinachotokea. Fundi amesema mafaili ya mfumo yameharibika, dawa ni kupiga Windows upya, na vilivyomo vyote vitaondoka. Nimruhusu?"

Nikamjibu: "Marahaba. Usimruhusu." Kisha nikampigia simu. Usiku ule tulikaa hewani, yeye mbele ya mashine, mimi nikimsomea amri herufi kwa herufi, na tulipoagana kompyuta ilikuwa inafanya kazi. Tasnifu ipo, picha zipo, hata programu alizokuwa ameziweka zipo pale pale. Nimefurahi mno na sitaki kuificha furaha hiyo. Najua wengi mnaonisoma mnataka jambo lile lile ninalolitaka mimi: kuzimudu mashine zenu kwa mikono yenu wenyewe.

Kuna sababu ya mimi kulichukulia suala hili kwa uzito hivi.

Enzi za Windows XP nilikuwa na kompyuta ya mezani. Ndani yake nilihifadhi sauti ya marehemu baba akisimulia habari za ukoo wetu, niliyoirekodi kabla maradhi hayajamzidi. Asubuhi moja kompyuta ikagoma kuwaka. Skrini nyeusi, maandishi meupe yakisema Windows imeshindwa kuanza kwa sababu faili la \WINDOWS\SYSTEM32\CONFIG\SYSTEM halipo au limeharibika. Niliyanakili maneno yale kwenye karatasi nikampelekea fundi pamoja na mashine. Karatasi hakuisoma. Aliponirudishia kompyuta ilikuwa nyeupe kabisa, haina kitu, naye akaniambia kwa fahari kwamba sasa ni kama mpya. Hakuwa ameniuliza kama ndani kuna kitu ninachokihitaji.

Baadaye, nilipoanza kujifunza mambo haya, nilielewa karatasi yangu ilikuwa inasema nini. Faili lile ni sehemu ya rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. XP yenyewe iliweka nakala yake ya awali katika folda ya C:\Windows\repair, na nakala mpya zaidi zilikuwa zinakaa ndani ya sehemu za urejeshaji, yaani picha za hali ya mfumo ambazo Windows huzihifadhi ili iweze kurudi nyuma. Kulinakili faili moja kutoka huko kungeweza kuiamsha mashine. Sauti ya baba haikuhusika na kosa lile hata kidogo. Ilikuwa salama kwenye diski mpaka dakika ile ilipofutwa. Nimemsamehe yule fundi, ila maumivu hayajaisha, na kila ninaposikia mtu ameambiwa "lazima tufute" moyo hunipasuka upya.

Kwa hiyo sikiliza kwa makini. Mafaili ya mfumo na mafaili yako ni vitu viwili. Ya mfumo yanakaa hasa katika C:\Windows, yako yanakaa katika C:\Users. Ya kwanza yakiharibika, ya pili kwa kawaida hayajaguswa. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ililiona jambo hili: sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike lilizitupa kwenye skrini ya bluu kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Ndege zilishindwa kuruka, hospitali zilikwama. Tiba ya mashine nyingi ilikuwa kuiwasha katika hali salama (Safe Mode) na kufuta faili moja ambalo jina lake lilianza na C-00000291. Faili moja! Data za watu zilikuwa mahali pake muda wote.

Jambo la kwanza ni nakala. Kabla ya amri yoyote, toa nyaraka zako uziweke kwenye diski ya nje. Kama Windows haiwaki, tengeneza flashi ya Linux, mfumo endeshi wa bure, kwa kutumia kompyuta nyingine, Ubuntu kwa mfano, uiwashe mashine kwa flashi hiyo ukichagua kujaribu bila kusakinisha, kisha unakili vitu vyako. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, utahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute leo, mashine ikiwa nzima. Yule kijana tulimnakilia tasnifu kwanza, na hapo tu ndipo sauti yake ilipotulia.

Pili, ipime diski yenyewe. Diski inayokufa huharibu mafaili kila siku, na ukitengeneza leo kesho yanaharibika mengine. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakusomea hali ya diski inavyojiripoti. Ikionyesha hatari, acha ukarabati, okoa data, badilisha diski. Ikiwa iko salama, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi (nitaonyesha njia moja hapo chini) uandike chkdsk C: /scan, inayokagua huku ukiendelea na kazi. Makosa yakipatikana ndipo utumie chkdsk C: /f, uandike Y ikikuuliza, na uwashe upya ili ifanye kazi kabla Windows haijapanda. Usikimbilie /r bila sababu. Hiyo hupekua sehemu zote za diski, huchukua saa nyingi, na diski iliyo mahututi inaweza kuimaliza kabisa.

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa ndipo wengi hupotea.

Karibu kila mtu amesikia kuhusu sfc /scannow. Ni amri nzuri. Hulinganisha mafaili ya mfumo yanayolindwa na nakala zake, na linaloonekana bovu hurudishiwa nakala nzima kutoka ghala lililopo C:\Windows\WinSxS. Lakini ghala lenyewe likiwa limeharibika, SFC itachota wapi? Itakujibu kwamba imekuta mafaili mabovu ila imeshindwa kutengeneza baadhi yake, na hapo watu hukata tamaa wakaita fundi. Ndiyo maana kuanzia Windows 8 utaratibu ni kulitengeneza ghala kwanza kwa DISM, chombo kingine kilichomo ndani ya Windows, kisha SFC ifuate:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Zote mbili zinahitaji dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Kijana wangu hakuweza kulipata kwa njia ya kawaida kwa sababu Start ilikuwa imekufa. Nilimwambia abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, aendeshe kazi mpya kutoka humo, aandike cmd, na aweke alama kwenye kisanduku cha mamlaka ya msimamizi. Dirisha jeusi likatokea. "Dada, limekuja!" Nilicheka kwa furaha.

Tukaendesha DISM. Asilimia zikapanda, zikafika 62.3, zikasimama. Zikasimama mno. Akataka kuifunga. Nikamkataza. Hapa nawaomba nyote mnielewe: DISM kusimama kwenye asilimia moja kwa muda mrefu ni jambo la kawaida, hasa kwenye diski za zamani zinazozunguka. Haijafa. Usiikate, usiizime kompyuta, chomeka chaji na usubiri. Kukosa subira kumeua mashine nyingi kuliko virusi, nami naamini hivyo kwa dhati.

Iliendelea, kisha ikatoa kosa 0x800f081f. Maana yake ni kwamba DISM haijapata chanzo cha kuchukua mafaili mazima. Kwa kawaida huyapakua kutoka Windows Update, na kwenye mashine ile Windows Update yenyewe ilikuwa haifanyi kazi. Hapa fundi wa haraka angesema si mliona, tufute. Sisi tukapakua faili la ISO la Windows, yaani diski nzima ya usakinishaji ndani ya faili moja, kutoka tovuti ya Microsoft, la toleo lile lile na lugha ile ile iliyokuwa kwenye mashine. Ukilibonyeza mara mbili linajitokeza kama diski mpya, kwake ikawa E. Kisha:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

Ile namba 1 ya mwisho si ya kunakili kibubusa. ISO moja hubeba Windows za aina kadhaa, Home, Pro na nyinginezo, na kila moja ina namba yake. Ya kwako utaijua kwa amri ya DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim. Na ukifungua folda ya sources ukakuta install.esd badala ya install.wim, badilisha jina la faili, na pale penye wim: uandike esd:. Kijana alikuwa na Pro, tukaweka namba yake, tukasubiri tena, na safari hii ikakamilika. SFC ikafuata ikasema imekuta mafaili mabovu na imeyatengeneza. Tukawasha upya. Start ikafunguka. Nilimsikia akimwita mama yake.

Kama SFC bado inasema imeshindwa na baadhi ya mafaili, washa upya, uiendeshe tena. Wakati mwingine raundi ya pili au ya tatu ndiyo inayomaliza. Ukitaka kujua ni mafaili gani, majina yake yamo kwenye kumbukumbu ya C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log, katika mistari yenye alama ya [SR].

Na kama Windows haipandi kabisa? Ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo kwa kawaida huingia yenyewe kwenye mazingira ya urejeshaji. Anza na ukarabati wa uwashaji, halafu urejeshaji wa mfumo kama kuna sehemu ya urejeshaji. Vikishindikana, fungua dirisha la amri humo humo uandike sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows. Angalia kwanza herufi ya diski kwa kuandika dir C: maana katika mazingira hayo C inaweza kuwa D.

Sasa niseme na wale wanaotafuta njia ya mkato. Programu inagoma, inasema vcruntime140.dll au msvcp140.dll haipo, nawe unaingia mtandaoni unaitafuta dll hiyo (faili ambalo programu huliazima ili ifanye kazi) peke yake, unaipakua kutoka tovuti usiyoijua na kuitumbukiza ndani ya System32. Acha. Nakuomba uache. Unaweza kuwa umejiletea virusi kwa mikono yako, na hata likiwa faili safi huenda si toleo linalotakiwa. Mafaili hayo mawili ni ya kifurushi cha Visual C++ cha Microsoft, na kifurushi kizima kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Sakinisha cha x64 na cha x86, mambo yameisha. Kwa michezo ya zamani inayolilia d3dx9_43.dll, kinachohitajika ni kifurushi cha DirectX cha Juni 2010, nacho ni cha Microsoft.

Vivyo hivyo kwa programu zinazojitangaza kusafisha rejista. Microsoft wenyewe hawaziungi mkono. Rejista haihitaji kufagiliwa. Inahitaji kuachwa. Na mtu akikupigia simu akidai ameona makosa kwenye kompyuta yako, kata simu. Atakufungulia orodha ya matukio ya Windows iliyojaa alama nyekundu, na alama hizo zipo hata kwenye mashine nzima kabisa.

Baada ya kutengeneza, makosa yakirudi, mtuhumu RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Andika mdsched.exe, kubali kuwasha upya, uiache ipime kumbukumbu. RAM mbovu huandika uongo kwenye diski, na hakuna DISM itakayoshinda hilo.

Hata ikifikia hatua ya kusakinisha Windows upya, bado si lazima ufute. Fungua ile ISO ukiwa ndani ya Windows, endesha setup.exe, uchague kubaki na mafaili pamoja na programu zako. Mafaili ya mfumo yatawekwa mapya, tasnifu itabaki. Windows 11 za karibuni zina hata kitufe chake katika mipangilio, kwenye sehemu ya urejeshaji, kinachosakinisha upya kupitia Windows Update bila kuondoa kitu chako. Usikichanganye na ile njia ya kuweka upya kompyuta huku ukibakiza mafaili, kwani hiyo hubakiza nyaraka ila huondoa programu ulizoziweka.

Jambo la mwisho ulifanye leo hii. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kwenye kichupo cha ulinzi wa mfumo, utazame diski C. Huenda ukakuta ulinzi huo umezimwa. Uwashe, uupe nafasi kidogo ya diski, utengeneze sehemu ya urejeshaji ya kwanza. Sehemu hiyo hurudisha mafaili ya mfumo, rejista na draiva. Nyaraka zako haizihifadhi, kwa hiyo diski ya nje bado unaihitaji.