Vifuu vya nazi vyaweza kuwa makaa?

SWALI: Salaam aleikum. Nauza viazi karai hapa Likoni. Bei ya makaa ilipanda tangu ile marufuku ya kukata miti ya 2018, na hata waliposema imeondolewa 2023 mimi sikuona ikishuka. Mamangu yuko Msambweni na vifuu vya nazi vimejaa uani, vinachomwa tu kama taka. Kuna jamaa ananiuzia mashine ya briketi (yale makaa ya kufinyangwa), ninunue? Na mama nae aache kuni?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Hio mashine iwache kwanza. Anza na chenga za makaa zile zinazobaki chini ya gunia, wauza makaa wengi huzimwaga, waombe. Ziponde, zichekeche, pika uji mzito wa unga wa muhogo (ulioharibika, wa kula usiutie motoni), changanya nazo mpaka ukifinya tonge lishike, finyanga briketi zako kwa mkono, kisha anika juani siku kadhaa zikauke mpaka kati, la sivyo utapata moshi tu na utanilaumu mimi.

Zikiuzika bas ndio uje kwa vifuu. Pipa la chuma litoboe chini, jaza vifuu vikavu, washa, moshi mzito mweupe ukishakuwa mwembamba funika uzibe kila tundu kwa udongo, mana hewa ikiingia asubuhi wakuta majivu matupu. Makumbi usitie, moshi mwingi na makaa yake mepesi, afadhali yasokotwe kamba. Kifuu ni kigumu, makaa yake yakaa na moto, tena hujakata mti, na lile tanuri la kufukia mchangani kilo 10 za mti zatoa kilo moja au mbili tu za makaa!

Ila briketi ni nzito kushika moto na viazi vyataka mafuta yachemke upesi, kwa hivyo washa na makaa kidogo kisha ongeza. Na usiwashe kwa chumba kilichofungwa, hewa yake yaua kama ya makaa mengine.

Kwa mama hapo tutakosana. Kuni anaokota bure, briketi atanunua ya nini? Watu wa miradi hupeleka briketi vijijini halafu washangaa hazinunuliwi. Yeye mjengee jiko la kuni la udongo lililozibwa pembeni, moto usipotee, na makaa ya vifuu yaje Likoni uwauzie wachoma mishkaki, pesa zirudi kwake. Na wewe kama jiko lako ni bati tupu, tafuta lenye udongo ndani, yale yalioanza kuundwa Kenya miaka ya 1980, yapunguza makaa thuluthi hata nusu. Hilo nunua leo, kabla ya hata hizo chenga.