Dada alitolewa kifuko cha nyongo, akarudishwa thieta: malalamiko yaanzie wapi?

Pole sana kwa dada, na pole kwako unayehangaika na mafaili. Kwa atakayeingia katikati ya mazungumzo haya: muulizaji anasema dada yake alitolewa kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa matundu (kamera na vifaa hupitishwa kwenye vitundu vidogo bila kupasua tumbo lote), akaruhusiwa kesho yake, na baada ya siku chache akarudi tumbo limevimba na macho yamekuwa ya manjano. Ikaonekana mrija mkuu wa nyongo umejeruhiwa, akafunguliwa tumbo upya. Daktari amewajibu kwamba hayo ni madhara yanayojulikana na kwamba mgonjwa alisaini fomu. Familia imekasirika, inataka kumburuza mahakamani.

Nimekuwa muuguzi wa thieta kwa miaka mingi, kisha nikahamishiwa ofisi inayopokea malalamiko ya wagonjwa. Nimeona kisu kinavyofanya kazi, na nimesoma barua za watu ambao kisu hakikuwaendea vizuri. Kuna jambo moja ambalo wenzangu wengine hawakubaliani nami. Walalamikaji hung'ang'ania zile dakika za kukata, ilhali katika mafaili mengi niliyopitia jibu lilikuwa kwenye saa na siku zilizofuata. Nani aliona dalili? Aliiona saa ngapi? Akafanya nini? Mimi ningeanza kuchimba hapo.

Tuanze na jibu la daktari, maana halikuwa uongo. Mrija wa nyongo hujeruhiwa katika chini ya mgonjwa mmoja kwa kila 100 wanaofanyiwa upasuaji huu, na huwatokea hata mabingwa wazoefu. Mara nyingi chanzo chake ni kufananisha: kifuko kimevimba, kimeganda na nyama za jirani, na mrija mkuu unaonekana kana kwamba ndio ule mdogo unaotakiwa kukatwa. Wala si rahisi kuligundua kosa hilo mgonjwa akiwa bado mezani. Kwa hiyo ukienda na hoja kwamba "mrija umekatwa, basi ni uzembe", utajibiwa kwa takwimu na mazungumzo yataishia hapo.

Ila neno "linajulikana" linamfunga na yeye pia. Tatizo likishajulikana, na njia ya kulikwepa inajulikana, na dalili zake nazo zinajulikana. Tangu 1995 madaktari wa upasuaji wamekuwa wakifundishwa kwamba, kabla ya kukata chochote, wasafishe eneo mpaka waone vitu viwili tu vikiingia kwenye kifuko: mrija wake mdogo na mshipa wake wa damu. Visipoonekana wazi, daktari ana njia nyingine. Anaweza kumwita mwenzake, akafungua tumbo, akaacha sehemu ya kifuko ndani, au akasitisha kabisa. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe hili: ripoti ya upasuaji inasema aliona nini kabla ya kukata, na kama hakuona vizuri, aliamua nini na kwa nini? Uliza pia kama zipo picha au video, kwa sababu upasuaji huo hufanywa kwa kamera na kuna hospitali zinazohifadhi kilichorekodiwa. Omba mapema, kabla hakijafutwa.

Swali la pili ndilo zito zaidi. Mgonjwa aliyetolewa kifuko kwa matundu hutarajiwa kupata nafuu siku hadi siku. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, mapigo ya moyo yakienda mbio, homa ikipanda au tumbo likijaa, mtu anatakiwa kusimama na kujiuliza. Dada alikuwaje siku aliyoruhusiwa? Je, alilalamika maumivu akapewa dawa ya kutuliza na karatasi ya kwenda nyumbani? Aliporudi alikaa muda gani kabla ya kupimwa damu na kupigwa picha?

Namkumbuka mama mmoja ambaye mumewe alikatwa kipande cha utumbo. Maungio yakavuja. Hilo nalo ni tatizo linalojulikana, na mwanzoni hospitali ilimjibu kama mlivyojibiwa ninyi. Lakini mama yule alikuwa na daftari la shule alimoandika kila alipomwita muuguzi: saa, jina la zamu, alichoambiwa. Tulipoliweka kando ya chati ya wodi, mambo yakalingana. Mapigo ya moyo yalikuwa yakipanda tangu jioni, yameandikwa kwa mkono safi kabisa kila baada ya saa chache, na hakuna aliyemwita daktari hadi asubuhi. Bingwa aliyepitia faili alisema upasuaji wenyewe haukuwa na dosari. Hospitali ilikubali kosa la ule usiku, ikaomba radhi kwa maandishi, ikafuta deni la matibabu ya pili na kubadilisha utaratibu wa nani aitwe mapigo yakifikia kiwango fulani. Mama yule angeng'ang'ania kwamba daktari alishona vibaya, angeshindwa, na kosa la kweli lingebaki limefunikwa.

Kwa hiyo kabla ya barua yoyote, faili. Omba nakala ya kila kitu, kwa maandishi, dada akiwa amesaini mwenyewe au amekupa idhini iliyosainiwa, maana pasipo hiyo watakunyima na watakuwa na haki ya kukunyima. Taja unachotaka kwa jina: ripoti ya upasuaji wa kwanza na wa pili, karatasi ya mtaalamu wa usingizi, chati za wauguzi za mapigo, joto na shinikizo la damu, majibu ya vipimo, fomu ya ridhaa, muhtasari wa kuruhusiwa. Ukisema "naomba faili" tu, unaweza kupewa muhtasari wa ukurasa mmoja, na muhtasari huwa umeshapigwa pasi. Ukiona faili lina mahali pamefutwa au pameongezwa maneno kwa wino mwingine, usipige kelele. Andika tarehe uliyopokea nakala, uitunze.

Wakati mnasubiri, dada na kila aliyemuuguza waandike wanachokumbuka, kila mtu peke yake, sasa hivi. Kumbukumbu za familia huchanganyikana haraka sana, na baada ya mwezi wote mtakuwa mnasimulia hadithi moja iliyonyooka kuliko ilivyotokea.

Barua yenyewe iwe fupi. Nimepokea barua za kurasa nyingi zinazomwita daktari muuaji, na najua zilikoishia: kwa mwanasheria wa hospitali, ambaye kazi yake ya kwanza ni kumwambia daktari anyamaze. Barua yenye maswali hupelekwa kwa mtu anayeweza kuyajibu. Eleza kilichotokea kwa tarehe, uliza maswali yako, kisha sema mnachotaka. Hapo kwenye "mnachotaka" ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu hawajakubaliana. Kaka anataka fedha, mama anataka aliyekosea amtazame usoni, mgonjwa mwenyewe anataka kujua kama atapona. Kaeni mlimalize hilo nyumbani. Mgonjwa akiwa na akili timamu, neno lake ndilo la mwisho, hata kama wewe ndiye unayelipa bili.

Kuhusu fomu: saini haimpi mtu ruhusa ya kuzembea. Inathibitisha tu kwamba mgonjwa alikubali upasuaji, na uzito wake unategemea alielezwa nini. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Nadine Montgomery, mama mwenye kisukari na umbo dogo, ambaye hakuelezwa hatari ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua. Mtoto alizaliwa na ulemavu mkubwa. Mahakama ilisema kipimo si kile madaktari wenzake wangeona kinafaa kutajwa. Kipimo ni kile ambacho mtu wa kawaida katika nafasi ya mgonjwa angeona ni muhimu. Uamuzi huo hauzibani mahakama za kila nchi, lakini swali lake ni zuri mahali popote: dada alielezwa na nani, lini, kwa lugha anayoielewa, au fomu aliletewa akiwa tayari amevalishwa gauni la thieta?

Sasa, kikao. Hospitali yenye busara itawaita. Nendeni watu wawili au watatu, si ukoo mzima, na mmoja awe wa kuandika tu. Ombeni daktari aliyefanya upasuaji awepo. Nimeona vikao ambako aliletwa mkuu wa idara anayesoma karatasi, na familia ikatoka na hasira kuliko ilivyoingia. Nimeona pia daktari akichomoa kalamu, akachora ini, kifuko na mirija kwenye karatasi ya bahasha, akaonyesha, "nilidhani hiki ni hiki." Chumba kizima kilitulia. Hakuna aliyemsamehe siku ile, lakini kwa mara ya kwanza walikuwa wanazungumzia kitu kimoja.

Wengi hawajui kwamba daktari mwenyewe huumia pia. Tangu mwaka 2000 kuna maandishi ya kitabibu yanayomwita mhanga wa pili, na wapo madaktari na wauguzi waliokataa kuingia thieta tena baada ya tukio moja. Sisemi mumwonee huruma badala ya dada yenu. Nasema ukimya wake msiutafsiri haraka kuwa kiburi, huenda ameamriwa anyamaze.

Amri hiyo binafsi naiona ya kijinga. Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, zilianza mwaka 2001 utaratibu wa kumwambia mgonjwa kilichotokea, kuomba radhi pale walipokosea na kutoa fidia bila kusubiri kushtakiwa. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha madai mapya yalishuka kutoka 7.03 hadi 4.52 kwa kila mahudhurio 100,000, na gharama nazo zikashuka. Wanasheria wengi bado wanaogopa kwamba pole itageuzwa ushahidi. Baadhi ya nchi zimeliondoa hilo kwa sheria. Uingereza, kwa mfano, sheria ya 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Kwa hiyo mkiambiwa pole, ipokeeni kama pole. Msiruke na kusema "umekiri!", maana mtakuwa mmefunga mdomo uliokuwa umeanza kufunguka.

Hospitali ikiwapiga chenga, au majibu yasipotosheleza, kuna milango mingine, na kila mmoja unatoa kitu chake. Baraza linalosajili madaktari linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfutia usajili, lakini kwa kawaida haliko pale kuwapa fedha. Msuluhishi anaweza kuwapatanisha katika fidia na maelezo bila kesi. Mahakama inaweza kuamuru fidia, ila lazima mthibitishe mambo mawili: kwamba daktari alishuka chini ya kiwango kinachokubalika, na kwamba kushuka huko ndiko kulikoleta madhara haya na si ugonjwa wenyewe. Hilo la pili huangusha kesi nyingi. Mtahitaji bingwa huru wa fani hiyohiyo alisome faili, na ningemlipa huyo kabla ya kumlipa wakili, kwa sababu akiwaambia hakuna kosa mtakuwa mmeokoa miaka. New Zealand walikwepa mzozo huu wote tangu 1974 kwa mfuko unaomfidia aliyeumia bila kumtafuta mwenye hatia. Kwingine kwingi hamna bahati hiyo, na sheria huweka ukomo wa muda wa kufungua madai. Ulizieni ukomo huo wiki hii hii hata kama hamna nia ya kwenda mahakamani, kwa sababu mazungumzo na hospitali hayasimamishi saa ya sheria kila mahali.

La mwisho nalitilia mkazo kuliko yote, mkuu. Nani anamtibu dada sasa? Kuunganisha mrija wa nyongo uliojeruhiwa ni kazi ya wenye uzoefu wa ini na nyongo, na matokeo huwa bora mikononi mwao. Ombeni rufaa ya kumwona bingwa wa namna hiyo, hata kwa maoni tu, na hakuna daktari anayepaswa kuchukia ombi hilo. Mahali palipounganishwa panaweza kusinyaa baada ya miezi, hata miaka, kisha zije homa, manjano na kuwashwa mwili. Anahitaji kupimwa damu ya ini mara kwa mara kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyohiyo, hospitali ikileta karatasi ya makubaliano mapema yenye maneno "hakuna madai mengine yoyote baada ya haya", msisaini kabla bingwa hajawaeleza kwa maandishi mrija ule unatarajiwa kukaaje, na gharama za ufuatiliaji zitabebwa na nani.